Spiriti Kwenye Sabuni ya Chepkorir

Ukitaka kujua maana ya kichwa kigumu, nenda Merigi uulizie Chepkorir, jirani yangu. Alipika sabuni ya maji ya kuoshea mikebe ya maziwa, na mwaka wa tisini na sita nusura sabuni hiyo imkosanishe na kanisa lake.

Mambo yalianza na baridi ya Julai. Asubuhi sabuni iliganda chupani kama ugali wa jana. Chepkorir akanunua spiriti kwenye duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, akaimimina bila kupima. Sabuni ikawa maji matupu. Mafuta yakabaki ndani ya mkebe, na maziwa yake mwenyewe yakachacha. Nilimwambia aache. Alinitazama kama ng'ombe aliyeguswa chuchu yenye kidonda, kisha akaanza upya.

Mwishowe alinieleza. Chembe za sabuni hukumbatiana vikundi vikundi, na mafuta hubebwa katikati yao. Baridi ikizidi, vikundi hunenepa, vikasongamana, hakuna wa kumpisha mwenzake. Spiriti kidogo hujipenyeza humo, vikundi vikapungua na kutembea upesi. Ikiwa nyingi huvivunja kabisa, na mafuta yanakosa wa kuyabeba.

Kipimo alikipata, lakini harufu ikamponza. Watu wakasema anapika chang'aa, ile pombe haramu. Akina mama wa kanisa wakamwita. Yeye ndiye aliyewaongozea nyimbo, na tangu amzike mumewe, kuimba ndiko kulikomwamsha kitandani.

"Mwaga hiyo kitu, ama uache nyimbo," alisema Mama Kipruto, mwenyekiti wao.

"Simwagi."

"Kwani spiriti si pombe?"

"Ni pombe. Kesho tukutane kwa foleni ya maziwa."

Asubuhi tulipanga foleni barabarani na mikebe yetu. Eliakim, karani wa kupokea maziwa, alichota kidogo ya Mama Kipruto, akayatia matone kutoka kichupa chake, akatikisa.

"Karani, unaweka nini hapo?" Chepkorir aliuliza kwa sauti.

"Spiriti, mama. Maziwa ikiganda najua imeharibika, narudisha."

Chepkorir akamgeukia mwenyekiti.

"Kila siku maziwa yetu inapimwa na pombe, Mama Kipruto. Nani ameacha kuleta?"

Mama Kipruto alifunika mkebe wake taratibu. Nilijua amekasirika, maana shingo ilimvimba.

"Jumapili usichelewe," alisema hatimaye. "Bila wewe tunaimba kama ndama wamenyimwa maziwa."