Gomesi ya Vifungo vya Kulia

Sikuombi uniamini kwa sababu mimi ni mlokole. Walokole nao husema uongo, na kisa hiki chenyewe kinaanza na uongo wa mlokole, yaani mimi. Ninachokuomba ni kimoja tu: usiniambie niliota. Mtu haoti saa saba mchana, ameketi wima, ana sindano mkononi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Jinja. Nakaa Mafubira, na kibanda changu kiko sokoni. Nashona gomesi, zile nguo ndefu za mabega yaliyochongoka ambazo wanawake wetu huvaa arusini, msibani na kanisani. Gomesi ina vifungo viwili karibu na shingo, upande wa kushoto. Kushoto, sikiliza vizuri. Nimeshona gomesi tangu usichana wangu na sijawahi kuona fundi aliyeviweka kulia.

Katika ushirika wetu, mtu aliyeokoka hutoa ushuhuda. Anasimama mbele ya watu, anaeleza alikuwa nani na Bwana alimtoa wapi. Wangu ulikuwa wa dakika mbili. Baba alikuwa askari, nikakulia kambini, na nilipokuwa na miaka kumi na mmoja niliiba sukari ya mama, nikasutwa na moyo, nikaokoka. Basi. Watu waliitikia "amina" kama wanaoitikia salamu ya mtu wanayekutana naye kila siku, kisha wakafungua vitabu vya nyimbo.

Ndipo akaja Naome kutoka Buwenge. Anauza dagaa, meza tatu tu kutoka kibanda changu, na huyu alikuwa na ushuhuda. Bibi yake alimkabidhi utotoni kwa musambwa, roho ya mtoni ambayo ukoo hurithishana. Kila adhuhuri roho ile ilimjia mpaka akaanguka. Hakuweza kwenda shule, hakuweza kuolewa. Siku aliyobatizwa alitoka majini mtu huru. Alisimulia kwa sauti ya chini, akitazama vidole vyake, na kanisa zima likalia. Mimi pia nililia, lakini mimi nililia kwa hasira.

Niambie, wewe ungejisikiaje? Miaka ishirini nafagia kanisa lile, nashona majoho ya kwaya bila malipo. Naome hajamaliza mwaka, anawekewa kiti cha mbele. Mchungaji akiingia, wa kwanza kusalimiwa ni Naome. Buwenge kwao wakamwalika akashuhudie, Iganga wakamwalika. Akirudi alikuja na zawadi za watu, na kila mara alinipitishia mayai pale kibandani. "Dada, kula na watoto," aliniambia. Nilimwonea wivu hata mayai yakanikaa kooni. Niliyapika, nikayala, lakini nilinuna kila nilipotafuna.

Kisha watu wa Mbale wakamwita. Ushirika wa Nakaloke, nje kidogo ya mji, ulikuwa na mkutano, na kwa kuwa pale wamechanganyika Wagisu, Waiteso na watu wa upande wa Kenya, hutumia Kiswahili. Naome, aliyekuwa ameolewa punde, alikuwa na mimba changa iliyomsumbua, tena Kiswahili chake ni cha kuuzia dagaa. Mchungaji akanigeukia mimi, mtoto wa kambini, maana Kiswahili ndiyo lugha ya askari. Nilipanda teksi ya Mbale nikiwa nimevaa gomesi yangu bora.

Niliposimama mbele yao nilikusudia kusema sukari yangu. Walokole hatuapi, lakini hapa ningeapa. Watu walikuwa wamechoka. Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa akimsuka bintiye nywele. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kulikuwa na mwanamke aliyenijia kila adhuhuri."

Yule mama akaacha kusuka. Basi nikaendelea, na niamini, maneno yalikuja yenyewe. Nikasema alitoka mtoni. Nikasema alivaa gomesi ya njano inayochuruzika maji hata siku ya jua kali. Nikasema vifungo vyake vilikuwa upande wa kulia. Hicho cha vifungo nilikitia kwa ufundi wangu tu, ili wanawake wamwone kwa macho. Nikasema huketi bila kukaribishwa. Nikasema Yesu alimfukuza, nami niko huru. Ukumbi wote ukalia. Sijui kama umewahi kuliliwa na ukumbi mzima. Ni kutamu kuliko mayai.

Mwaka ule walinialika mara tatu. Mara ya pili niliongeza mkono wenye maji uliokuwa ukinishika shingoni. Jinja sikumwambia mtu, na Mbale hakuna aliyemjua Naome. Kwa mara ya kwanza nilipanda teksi ya kurudi nina kuku chini ya kwapa.

Mara ya tatu nilifikia kwa Mama Rebeka, Mgisu mmoja mkarimu wa pale Nakaloke. Siku ya pili, baada ya kipindi cha asubuhi, nilikaa barazani kwake nikimrudishia pindo la sketi. Yeye alikuwa jikoni akiunga malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga. Jua lilikuwa kichwani. Mvua haikuwa imenyesha kwa majuma.

Mwanamke akaingia uani. Nilidhani ni mgeni wa mkutano, kwa hiyo nikamsalimia. Hakuitikia. Alivuta kiti cha plastiki akaketi mbele yangu, na maji yakaanza kudondoka chini ya kiti. Gomesi ilikuwa ya njano. Nikatazama shingoni, kama fundi yeyote anavyotazama. Vifungo vilikuwa kulia.

Sindano ilinichoma kidole, nikaona damu, sikusikia maumivu.

"Dada, umeniita," alisema. "Mara tatu umeniita mbele ya watu. Sasa mimi nimekuja."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Misambwa ya Kisoga husema Kisoga, kila mtu wa kwetu anajua. Huyu alisema Kiswahili cha kambini, kilekile nilichosema mimi utotoni, na matamshi yake yalikuwa yangu. Nikamkemea kwa jina la Yesu. Nilikemea kama nilivyosikia wahubiri wakikemea, kwa sauti kubwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Jina iko sawa," alisema. "Lakini wewe nasema na mdomo gani?"

Mama Rebeka akatoka jikoni na sahani mkononi, akapita karibu naye kabisa bila kumtazama. Akasimama. "Dada, nani namwaga maji kwa kiti yangu?" aliuliza. Aliona maji tu. Alifuta kiti kwa kanga, na yule mwanamke alikuwa amekwisha kuondoka. Siku ile sikushuhudia tena. Nilisema ninaumwa, nikarudi Jinja na teksi ya jioni.

Alinifuata. Kila adhuhuri alikuja sokoni na kuketi kwenye kiti cha wateja wangu. Wateja waliokuja baadaye walikuta kiti kimelowa, wakalalamika, wengine wakaenda kwa fundi wa jirani. Nilipofumba macho kuomba, nilihisi mkono wenye maji shingoni. Ule mkono nilioongeza mwenyewe Nakaloke, unakumbuka? Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kueleza kwamba amekuja, ilinibidi nieleze kwamba hakuwahi kuwako.

Wakati huohuo Naome akajifungua mtoto wa kiume. Ushirika mzima ulikwenda Buwenge kwa wazazi wake kumpongeza, na aliporudi nyumbani kwake karibu na soko, watu waliendelea kumiminika. Mimi nilipeleka sabuni na kukaa dakika tano. Mume wake, mtoto wake, kiti chake cha mbele, hata wageni wake, vyote nilivihesabu na kumwonea wivu.

Siku mbili baadaye yule mwanamke aliketi kibandani na kunitazama kwa huruma. "Umenichoka," alisema. "Mimi naona. Kama wewe hutaki, mimi naenda kwa Naome. Yeye iko na mtoto sasa. Wewe sema tu, nenda."

Nitakwambia ukweli wote, maana nisipousema huu kisa hiki hakina faida kwako. Sikusema "nenda". Lakini nilifungua mdomo. Nilimwona Naome kichwani mwangu ameanguka tena kama zamani, kiti cha mbele kiko wazi, na moyo wangu ukafurahi. Ulifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Nikaufunga mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu pale nilijiogopa mimi kuliko nilivyomwogopa yeye.

Niliacha cherehani ikiwa na kitambaa ndani, nikaenda kwa Naome kwa miguu. Nilisikia maji yakidondoka nyuma yangu njia nzima.

Naome alikuwa mkekani, ananyonyesha. Kisoga changu huwachekesha watu, kwa hiyo kila siku hunisemesha Kiswahili chake cha sokoni. Kabla sijafungua mdomo, alitazama mlangoni nyuma yangu.

"Dada, umekuja na nani?" aliuliza.

Yeye alimwona. Nikaketi sakafuni. "Ni yule wako," nilisema. "Yule wa mtoni. Nimekuibia ushuhuda wako Mbale, na sasa amerudi. Anamtaka mtoto."

Naome akatikisa kichwa. "Ile yangu haikuwa na sura," alisema. "Haikuwa na nguo. Mimi sijui hii. Hii gomesi ni mtu gani ameshona?"

Alijua jibu, nami nililijua: ni mimi, kwa mdomo wangu.

"Nimekemea, haondoki," nilisema.

"Yesu nasamehe mtu ambaye iko," Naome alisema. "Wewe uliomba kama ule mtu wa ushuhuda. Ule mtu hayuko. Wewe ni fundi, dada. Ukishona vibaya nafanya nini?"

"Nafumua."

"Basi fumua. Yesu iko hapa, na mimi iko hapa."

Basi nikafumua, uzi mmoja mmoja. Nikasema, "Bwana, sikuwahi kuona mwanamke wa mtoni." Nyuma yangu maji yakaacha kudondoka. Nikasema, "Hakukuwa na gomesi ya njano, niliichagua kwa kuwa njano huonekana." Nikasema, "Hakukuwa na mkono shingoni." Nikasema, "Vifungo vya kulia nilivitunga ili nionekane hodari." Nikasikia vitu viwili vidogo vikianguka kwenye saruji. Nikageuka, nikidhani kumekwisha.

Alikuwa bado pale mlangoni. Alikuwa amevaa nguo yangu ya kazini, ile yenye nyuzi begani. Uso ulikuwa wangu. Na niamini, uso ule ulikuwa ukimtazama Naome kama nilivyomtazama tangu siku ya kwanza.

"Bado moja," Naome alisema taratibu. Hakuwa ananitazama mimi.

Nilikuwa naijua hiyo moja. Ningependa kufa kuliko kuisema mbele ya mama mwenye mtoto mchanga kifuani. "Naome," nilisema, "nakuonea wivu tangu ulipofika. Leo aliniuliza kama aje kwako na kwa mtoto, na moyo wangu ulitaka. Bwana anisamehe. Na wewe, kama unaweza."

Alimfunika mtoto kwa kanga na kumkumbatia. Nilimsikia akipumua. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Kisha akasogea mkekani, akamtoa mtoto kifuani na kuninyooshea.

"Mbebe," alisema.

Yeye akaishika mikono yangu kwa chini. Mtoto alikuwa mzito, amelala, ana harufu ya maziwa. Nilipotazama mlangoni niliona jua tu na saruji kavu.

Jumapili nilisimama Jinja nikasema yote. Hakuna aliyelia. Nikaenda Nakaloke nikasema yote, na hapo wengine walitoka nje kabla sijamaliza. Mama Rebeka alinipa chakula lakini hakula nami. Hawajanialika tena. Ushuhuda wangu umerudi kuwa wa sukari, na siku hizi nauongezea huu. Naome bado anaketi mbele, nami bado nafagia. Mchungaji akiingia humsalimia yeye kwanza, na ninalala usiku.

Lakini usidhani mambo haya huisha kabisa. Mwezi uliopita alikuja kwetu dada mmoja mgeni, akashuhudia vizuri sana, na watu wakalia. Nilipiga makofi kama wengine. Kesho yake mteja alirudi kibandani na gomesi niliyommalizia jioni ile. Alikuwa anacheka. "Fundi, leo umelewa?" aliniuliza. Nikaitandaza mezani nikaona. Vifungo vyote viwili nilikuwa nimeviweka kulia, kwa mkono wangu mwenyewe, na sikumbuki kuvishona.

Sikungoja adhuhuri. Nilifunga kibanda, nikaenda kumtafuta yule dada, nikamwambia namwonea wivu. Alishangaa, akacheka, tukaomba pamoja. Kwa hiyo nawe, ukimsikia mwenzako akisifiwa na moyo wako ukatamani kilicho chake, mwendee umwambie siku hiyohiyo. Usikitamani kimyakimya. Mimi nilitamani cha Naome, na kikaja, kikaketi kwenye kiti changu.