Kimea cha Nanasi na Mjomba wa Nambambo

Kile kinywaji cha kimea chenye ladha ya nanasi kilipoingia Nachingwea, niliona kimeletwa kwa ajili yangu. Hakikuwa na kilevi, lakini chupa yake ilifanana na ya bia, kwa hiyo mtu wa swala tano kama mimi niliweza kukaa mbele ya duka nikaonekana wa mjini bila kupata dhambi. Nilikishika nembo ikitazama barabarani. Ladha yenyewe, nikisema kweli, ilikuwa kama uji wa jana uliotiwa sukari.

Kwa muda hakuna harusi iliyokikosa. Nami nilikuwa nimempata binti wa Nambambo, na kila nilipokwenda kwao nilibeba chupa mbili, moja yake, moja ya mjomba wake, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno juu ya ndoa ya mpwa. Mjomba alikunywa, akacheua, akasema nina adabu. Nikaanza kujiita mkwe.

Halafu kikaadimika. Mwenye duka akaniambia kiwanda kimeacha kukitengeneza, hakina wanunuzi. "Mnunuzi ulibaki wewe," akasema.

Siku ya kuposa ilikuwa kesho yake, na mikono mitupu sikuiweza. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yamezagaa shambani kwetu Nkowe. Nikayakamua jioni, nikajaza chupa mbili za zamani, nikazifunga kwa nguvu. Kila mtoto wa Nkowe anajua maji ya mabibo yakilala yanageuka uraka, pombe kabisa. Mimi niliamini kifuniko.

Asubuhi nikapanda nazo bodaboda, juani hadi Nambambo. Mjomba alipogusa tu chupa, kifuniko kiliruka chenyewe na povu likamwagikia kanzu yake. Nyumba nzima ikanuka kilabu.

Hakufoka. Alijifuta taratibu.

"Mwanangu, hili nimekusamehe. Ila tangu uanze kuja hapa naongea na chupa. Wewe mwenyewe una nini?"

"Tuna mikorosho, mjomba."

"Mikorosho ya baba yako naijua. Nakuuliza wewe."

Nikainama kuokota kifuniko. Akaniambia nirudi nikishapata jibu.

Nililitafuta msimu mzima. Nilipolipata nikarudi, binti alikuwa ameshaolewa huko Chiola. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, maana nilimpenda kweli, na katika safari zote zile maneno niliyomwambia mara nyingi kuliko yote ni, "Kinywe kingali baridi."