Miwati Nyuma ya Jiko Letu

Walisema darasa la nne sitalivuka. Walisema mtoto wa mkimbizi, miguu imejaa funza, atachunga mbuzi za watu huko Mbeya mpaka azeeke. Leo stashahada yangu ya upimaji ardhi, niliyoifuata ng'ambo, imetundikwa sebuleni, na wasemaji walewale huvua kofia wakiingia. Lakini nikinusa ganda bichi la mti wa muwati, usomi wote hunitoka.

Kwetu, vilimani juu ya Nyololo, mgeni hupewa shamba bila maneno mengi. Alime mahindi, alime viazi, ashibe. Mti tu ndio hapandi, kwa sababu apandaye mti amesema ardhi ni yake. Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani alipoomba mahali, Baba alimpa ukingo wa bonde na kumweleza sharti hilo. Akatikisa kichwa kukubali. Masika yaliyofuata, miche yake ya miwati ilifika nyuma ya jiko letu.

Baba aliing'oa mchana kweupe.

"Baba nanihii, huyu atatuua," Mama alisema.

Baba akacheka. "Aliyeng'olewa miti huja kujieleza kwa wazee. Wewe songa ugali wa kutosha."

Akaenda kwenye mianzi yake kugema ulanzi, pombe ya suluhu.

Bwana Miwani alikuja na askari wanne. Baba alisimama mlangoni, kata ya ulanzi mikononi. "Kamwene, bwana. Karibu ndani."

Askari mmoja, Kihehe chake safi kuliko changu, akaangua kicheko: "Mzee, unamkaribisha mwenye shamba?"

Kitako cha bunduki kikampata Baba mdomoni. Meno yakadondokea kwenye ulanzi. Walimlaza chini, wakamchapa viboko mpaka shati likashikana na nyama. Mama alipowarukia walimvunja mkono. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Kisha wakachoma nyumba, na ugali wa wageni ukiwa ungali chunguni.

Tulikimbilia kwa shangazi, Mbeya. Kwa miaka mingi nilimwonea Baba haya: mtu mzima, anainulia bunduki kata ya pombe!

Nimepima mashamba ya kutosha sasa, na nimeelewa. Baba aliwaona askari tangu wakipanda kilima. Nafasi ya kukimbia alikuwa nayo. Lakini angekimbia, angekubali kwamba hakuwahi kumpokea mgeni, bali mwizi, tena kwa mkono wake mwenyewe. Hilo lingemuuma kuliko viboko.