Trela ya Wekesa Inaondoka Leo

Sijakubali. Tulimzika Wekesa Jumamosi, nikatupa udongo kwa mkono huu huu, na leo asubuhi nimempigia simu kumuuliza spana kubwa ameiweka wapi.

Mnaniuliza inbox kama niko sawa. Siko sawa. Nikikaa kwenye maombi nainuka kabla ya amina. Natoka nje, naizunguka pikapu yake hapa kwenye driveway yao Apple Valley, Amerika, narudi ndani, natoka tena.

Kwa wasiomjua: mimi na Wekesa tulianza kazi pamoja kwenye nursing home ya wazee, sote CNA, wasaidizi wa wauguzi, shift moja. Moyo wake ulisimama akivaa viatu aende kazini. Basi. Mtu ambaye hata mafua yalimwogopa.

Ndiye Mkenya wa kwanza niliyemjua kununua trela ya ku-camp. Jamani, tulimcheka! Nikamwambia, "Umekulia nyumba ya bati Bungoma, umefika Amerika unanunua bati yenye magurudumu?"

Akanijibu, "Sista, hii bati iko na choo ndani."

Safari ya kwanza alipakia vile sisi hupakia tukienda harusini. Sufuria kubwa, makaa, kreti za soda, mbuzi mzima aliyegandishwa, vyote nyuma kabisa, ili tukifika vya kupika vitoke kwanza. Mbele pakabaki mito na Biblia.

Kwenye highway 35 trela ikaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, na pikapu ikivutwa huku na huku. Rose, mkewe, aliliita jina la Yesu kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mimi nikapiga kelele, "Shika brake!"

"Sishiki," akasema, polepole vile. Akaachilia mafuta, akanyoosha usukani mpaka tukasimama kando.

Alishuka akakaa kwenye nyasi. Kisha tukaanza kuhamisha mizigo mbele, kwani uzito wote ukiwa nyuma ndio unaotikisa trela. Polisi akasimama. "Everything all right here, sir?"

Wekesa, kwa heshima zote: "Yes, officer. We are only moving the goat to the front."

Polisi akaitazama trela. "Is it... alive?"

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wa hitch, chuma kinachounganisha trela na gari. Akanunua ile ya weight distribution, yenye vyuma viwili virefu vinavyokazwa kwa minyororo, ili uzito wa trela usiyalalie magurudumu ya nyuma ya gari peke yake. Akachukua mpini wa ufagio, akausimamisha kando ya gurudumu la mbele kabla ya kuunganisha trela, na pale fender, bati la juu ya gurudumu, ilipofika akauchora mpini mstari kwa rangi ya kucha ya Rose. Rose alinuna wiki nzima.

"Ukiunganisha, pua ya gari inainuka," alinifundisha. "Pua ikiinuka, steering inakudanganya. Kaza pete moja ya mnyororo, pima tena. Lakini wewe usikaze na hasira, bana. Nakujua. Ukikaza sana, nyuma inaachilia barabara."

Sasa wikendi hii ndiyo tuliyokuwa tume-book, kule ziwani up north. Wazee wetu wamesema matanga hayajapoa, watoto wa marehemu hawawezi kwenda kuogelea. Rose akawasikiliza, akawapa chai, akaja jikoni akaniambia, "Aliwaahidi watoto. Tunaenda. Wewe ndio uta-drive."

Binti yao Tasha akaniangalia. "Auntie, do you even know how to do the hitch?"

Nikasema ndiyo. Moyoni nilikuwa naogopa vibaya. Watoto wote wa Wekesa watakaa nyuma yangu, kwenye barabara ile ile.

Leo nimeunganisha. Pua ikainuka, kama alivyosema. Wanaume wakatoka kwenye maombi kunisaidia kwa mdomo, huyu kaza, yule legeza. Nikawaambia warudi ndani waombe.

Nikakaza, nikapima, bado iko juu. Nikakaza tena, na tena, kwa hasira yote niliyo nayo tangu uondoke, Wekesa. Gari likainama mpaka chini ya mstari. Nikakaa pale pale chini nikalia, mnyororo mkononi.

Ndipo nikalegeza. Pete moja. Nikapima. Fender na rangi ya kucha, sawasawa.

Nimezunguka mtaa wote na trela, nikajaribu mpaka kwenye barabara kubwa. Haijatikisa mkia.

Wekesa, bado nakukasirikia. Mtu haondoki na kiatu kimoja mguuni. Lakini Tasha ameshafunga mkanda, na Rose amebeba mpini wako. Nitaenda polepole, na mwenye kupiga honi apige.

Lala, ndugu yangu. Mbuzi tumemweka mbele.