Saba Saba Mama Alipotoka Hospitali

Mama yangu, Josepha, alizaliwa Mabamba, na kabla hajaugua hakuwa mtu wa kulala mchana. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Akiita kutoka shambani, majirani wa ng'ambo ya bonde waliitika wakidhani wameitwa wao. Kanisani walimsimamisha mstari wa nyuma wa kwaya, kwa sababu akikaa mbele wenzake hawasikiki. Kwa hiyo kikohozi kilipomwanza, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya karibu na Kibondo, sisi watoto tuliona jambo moja kwanza: nyumba ilikuwa kimya.

Baba, jina lake Kipriani, alimpeleka hospitali ya misheni upande wa Kasulu. Akapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Enzi zile ugonjwa huo ulikuwa na sindano kila siku na wodi ya peke yake, na watoto hatukuruhusiwa kuingia. Mdogo wetu, Leokadia, alikuwa bado ananyonya. Shangazi Esteria, dada yake Baba, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alikuja jioni ileile akamfunga Leokadia mgongoni.

"Huyu ataishi kwangu mpaka wifi arudi," alisema. Lini, hakusema. Nani angejua?

Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Leokadia akaota meno, akatembea, akaanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "mama", na aliyeambiwa ni shangazi. Siku za mwanzo shangazi alimsahihisha. Baadaye akaacha. Sijui alichoka au alipenda tu kuitwa hivyo, na hata leo sioni mtu wa kumlaumu.

Mwaka wa sabini na tano, mvua zilipokatika, Baba alirudi kutoka Kasulu uso umemkunjuka. Makohozi ya Mama yalikuwa safi. Daktari alikuwa amesema ataruhusiwa mwanzoni mwa Julai.

"Basi tutamfuata siku ya Saba Saba," Baba alitutangazia. "Sote. Hatatoka mle kama mtu anayetoka kifungoni. Atatoka na sikukuu."

Saba Saba ilikuwa sikukuu ya chama, na Kasulu siku hiyo ilifurika watu kutoka vijiji vyote. Nilikuwa nimesikia habari za uwanja wake: ngoma, gwaride la vijana, mbio za magunia, na bembea kubwa inayozunguka. Mdogo wangu Bazilio, wa miaka sita, hakulala vizuri wiki nzima kwa ajili ya hiyo bembea.

Shangazi alimshonea Leokadia gauni la kitambaa cha njano, lakini yeye mwenyewe alikataa kuja. Baba alimsihi sana.

"Kaka, niache," alisema. "Nikiwepo pale, hatamwendea mama yake."

Asubuhi ya safari alimpakiza mtoto kwenye lori la ushirika, akamfunika kanga miguuni, akageuka kwenda zake bila kuaga. Leokadia alilia mpaka lori lilipokipita kijiji cha tatu.

Tulilala Kasulu kwa rafiki yake Baba, na kulipokucha tukaenda hospitali. Julai ni baridi kule milimani. Tulikuwa tunapuliza mvuke mdomoni. Mama alisimama langoni na kifurushi chake. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele wamemkata fupi, na kwa sekunde moja nilidhani ni mtu mwingine. Kisha akasema, "Dafroza wangu," nami nikamrukia. Bazilio alimshika kiunoni akakataa kubanduka.

Leokadia alijificha nyuma ya suruali ya Baba.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Huyu ndiye mama," Baba akamwambia.

Mtoto akamtazama toka juu mpaka chini. "Siyo," akasema.

Mama alicheka. Akachuchumaa palepale, akampa mkono kama mtu mzima anavyosalimiwa. "Mwakeye, mama mkwe," akasema kwa utani, akimwamkia kwa Kiha. Leokadia hakuupokea. Mama akainuka akajipangusa macho kwa pembe ya kanga, akasema jua la asubuhi linamchoma.

Uwanjani tulikuta watu wamejaa kama siafu. Kila upande ngoma yake, kila upande vumbi lake. Wauza miwa walisimamisha mafungu yao kama vibanda, wengine wakakaanga mihogo, wengine migebuka iliyotoka ziwani. Na katikati, ikipita vichwa vya watu wote, ilikuwa bembea. Fundi seremala mmoja wa mjini aitwaye Gharibu ndiye aliyeitengeneza: gurudumu kubwa la mbao, na visanduku vinne vya kukalia vikining'inia kwenye vyuma. Vijana wawili wenye vifua vipana waliizungusha kwa mikono. Kisanduku kilipofika juu watoto walipiga yowe, kilipofika chini walidai kurudi juu.

Baba alienda kutafuta chakula. Sisi tukabaki na Mama kwenye foleni ya bembea. Alimshika Leokadia mkono, mtoto akauchomoa. Akamshika tena, akauchomoa. Mara ya tatu Mama hakumlazimisha, alimwacha asimame mbele yake, karibu na magoti. Zamu ya Bazilio ikafika. Akapanda, akapaa, akapunga mikono yote miwili, na Mama akapaza sauti, "Shika chuma, wewe! Shika chuma!" Tulipoteremsha macho, Leokadia hakuwepo.

Siwezi kueleza vizuri dakika zilizofuata. Namkumbuka Mama akikimbia bila viatu, mimi nikimfuata na Bazilio, aliyeteremshwa upesi, nimemkokota. Aliita, "Leokadia! Leokadia!" kwa ile sauti yake ya zamani, na watu walituachia njia. Lakini mtoto asiyekufahamu, ukimwita atakuja? Hilo alilifikiri palepale, aliniambia baadaye.

Ndipo kipaza sauti kilipotangaza: ameonekana mtoto wa kike, gauni la njano, anasema jina la mama yake ni Esteria, huyo Esteria afike kwenye kibanda cha maandazi, karibu na mlingoti wa bendera.

Mwenye kibanda alikuwa mama wa makamo, amejitanda vizuri, karai la mafuta linachemka mbele yake. Jina lake Mwajabu, mfanyabiashara wa pale mjini, ukoo wake watu wa Ujiji. Leokadia alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma yake, andazi mkononi, mashavu yana michirizi ya machozi.

"Shikamoo, mama," Mama alisema akihema. "Mtoto wangu huyo. Mungu akubariki."

"Marahaba. Wewe ndiye Esteria?"

"Hapana. Mimi ni Josepha. Esteria ni wifi yangu."

Mwajabu aliacha kugeuza maandazi. Akamgeukia mtoto. "Mwanangu, huyu ni mama yako?"

Leokadia akatikisa kichwa. "Siyo mama," akasema, akajivuta nyuma ya mgongo wa Mwajabu.

Watu wakaanza kukusanyika. Mgambo mmoja akasogea. Mwanamke aliyekuwa ananunua maandazi akasema kwa sauti kwamba siku hizi watoto wanaibwa. Mimi nikapiga kelele, "Ni mama yetu! Mimi ni dada yake!" lakini nani amsikilize mtoto katika kelele zile? Nilimtazama Mama. Nilijua hasira zake za zamani, nilingoja alipuke.

Hakulipuka. Alitazama jinsi Leokadia alivyoshika kanga ya yule mama kwa vidole vyote, kisha akasema taratibu:

"Mama, usinipe."

"Unasemaje?"

"Usinipe mtoto. Nilikuwa hospitali tangu ananyonya, hanijui. Baba yake yupo humu uwanjani, na huyo anamjua. Kaa naye mpaka afike. Akija mtu mwingine yeyote, hata awe mwanamke mwenye maneno mazuri kama mimi, usimpe."

Mwajabu akamwambia mgambo, "Katangaze baba wa mtoto aje," na wale watu akawaambia, "Nyie, mnanunua au mnatazama?" Akatandika gunia upande wa pili wa karai. "Kaa hapo, mwanangu. Umepoteza rangi."

Mama akakaa kwenye gunia. Akaniambia nimletee muwa wa muuzaji wa jirani, akaazima kisu cha Mwajabu, akaanza kuumenya na kuukata vipande vidogo. Kimoja changu, kimoja cha Bazilio. Hakumtazama Leokadia hata kidogo. Tulitafuna, tukatema makapi, tukatafuna tena. Baada ya muda nikaona kichwa kimechungulia, kisha gauni la njano limezunguka karai kwa mbali, kama Mwajabu alivyoelekeza kwa kidole, mpaka mkono mdogo ukanyooshwa mbele ya Mama.

Mama akaweka kipande kiganjani. "Kitamu?"

"Kingine," Leokadia akasema.

Baba alipofika mbio, kofia mkononi, aliwakuta wanakula muwa. Leokadia akamrukia akiita, "Baba!" na Mwajabu akashusha pumzi.

Mama akainuka akamshika mikono yote miwili yule mama. "Ahsante kwa kumtunza," alisema. "Na zaidi, ahsante kwa kutonipa."

"Wewe ungemtoa mtoto wa mwenzio kwa asiyemjua?" Mwajabu akajibu. Akatufungia maandazi ya moto kwenye gazeti na akakataa katakata kulipwa.

Tulirudi kwenye bembea. Leokadia sasa aliitaka, lakini Gharibu alikataa mtoto mdogo vile kupanda peke yake. "Lazima apakatwe," alisema. Baba alijaribu kuketi kwenye kisanduku, mbao zikalia, akashuka haraka watu wakimcheka. Leokadia akatazama bembea, akamtazama Baba, akanitazama mimi. Kisha akamwelekezea Mama kidole.

"Na wewe panda," akaamuru.

Mama hakuwahi kupanda kitu kama kile maishani mwake. Alifunga kanga vizuri, akaketi, akampakata. Vijana wakasukuma. Walipofika juu kabisa, Leokadia akaingiza uso kifuani mwa Mama na kumng'ang'ania shingo, naye Mama akaanza kucheka. Alicheka kwa nguvu zote, uwanja mzima ukageuka, na mimi nilikuwa chini nikisubiri kikohozi kifuate, kama kilivyofuata kila kicheko chake kabla hajaondoka. Hakikuja. Walizunguka, wakapita chini, wakapaa tena, na kicheko kilikuwa kileile, safi. Baba alivua kofia akajifunika nayo uso.

Tuliporudi kijijini, Leokadia alimkimbilia shangazi Esteria, na usiku akalala kwake. Mama hakumzuia. Alikwenda kule asubuhi, akapiga magoti mbele ya wifi yake. Wakabaki wanachambua maharage pamoja. Ikawa hivyo miaka yote: Leokadia alikuwa na nyumba mbili na akina mama wawili, na alipoolewa wote wawili walikaa mbele.

Kila alipopata mtu wa kwenda Kasulu, Mama alimtumia Mwajabu asali. Miaka kadhaa baadaye alikwenda mwenyewe kumwona. Mwajabu alimpokea vizuri, akamshukuru kwa asali, kisha akakiri kwa aibu kwamba hakumbuki ni mtoto yupi. Kila Saba Saba, alisema, walikuwa wanapotea watatu au wanne, na wote waliletwa kwake kwa sababu ya maandazi.

Mama alipotusimulia hayo alifurahi kuliko kama angekumbukwa. "Mnaona?" alisema. "Kumbe ndiyo tabia yake."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kwaya wakamrudisha mstari wake uleule wa nyuma.