Kisima cha Uani

Ilianza Jumatano, saa kumi na nusu alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naitazama ukutani nikingoja chai ya dada ipoe. Chai ya moto huwa anaitupa pamoja na kikombe. Baba mkubwa akapiga hodi kibarazani. Mama alikuwa na mwezi mmoja na siku tatu tangu akae eda ya baba, kwa hiyo hakutoka. Alishusha pazia la mlango wa chumba chake, akakaa nyuma yake, na mimi nikawekwa mkekani katikati yao.

"Shemeji, hujambo na uchungu?"

"Alhamdulillahi, shemeji."

"Nyumba hii unajua ni ya marehemu mzee wetu. Ndugu yangu alikaa tu. Sasa wenzangu wanataka kila mtu apate fungu lake." Akakohoa. "Hatukufukuzi. Maliza eda yako kwa heshima zote. Ila pa kwenda, anzeni kutafuta."

Dada alikuwa anazunguka meza akiguna wimbo wake uleule mmoja.

"Na huyo," baba mkubwa akasema, akimwelekezea kidevu, "mtafutieni panapomfaa. Si kila nyumba itamvumilia."

"Ana jina, shemeji."

Hakulitaja. Alimaliza chai yake, akaaga.

Dada ana miaka kumi na saba, mimi kumi na sita. Daktari alisema ni usonji. Mtaani wana neno lao, sitaliandika. Maneno yake hayafiki ishirini, na analolipenda kuliko yote ni "marahaba". Humwambia kila mtu, mkubwa kwa mdogo, kabla hata hajaamkiwa. Wazee wa barazani kwetu wamezoea. Akipita asubuhi wanamuwahi wao, "Shikamoo, mama!", naye anawajibu kama bibi wa miaka themanini, wanacheka mpaka kahawa inawamwagikia.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Kila siku alimpakia dada nyuma, akampeleka kwenye shule ya msingi yenye darasa la watoto kama yeye, huku Tabora mjini, kisha ndipo akafungua kazi. Alipofariki kazi hiyo ikawa yangu, kwa miguu, kabla sijakwenda shuleni kwangu. Njia ile dada anaijua hatua kwa hatua. Watu wa bodaboda wanaijua shingo yake, jinsi anavyoinamisha kichwa kabla ya kukatiza barabara, na wanapunguza mwendo.

Jioni ile ya Jumatano mama aliniita ndani.

"Nyumba utakwenda kuangalia wewe."

"Mama! Si baba mdogo yupo?"

"Wanaume wanatazama bati. Hawatazami choo, hawaulizi nani anakaa mlango wa pili. Nenda wewe, na umchukue na yeye, ili anayesema ndiyo aseme akiwa amemwona."

"Mimi siwezi kuongea na watu, unajua."

"Nani kakwambia ukaongee? Nimekwambia ukatazame."

Mwenyewe asingeweza. Mwenye eda hatoki kwenda kupekua nyumba za watu. Kwa hiyo miezi ile yote mama aliona mji kwa mdomo wangu tu. Nikisema ukuta umepasuka, umepasuka. Naliandika hili mapema ili lieleweke.

Wenye nyumba wawili walitukatalia mlangoni. Mmoja alisema wapangaji wake wanalala mchana. Mwingine hakusema kitu, alimtazama dada, akanitazama mimi, akafunga geti.

Jumamosi iliyofuata tulipanda bajaji mpaka Kipalapala, kwa mama mmoja mkulima aliyekuwa na vyumba viwili vya nyuma. Pazuri, jamani. Uwanja mpana umefagiliwa, mahindi yamezunguka, hakuna gari. "Mwangaluka," yule mama akatusalimu kwa Kinyamwezi.

"Marahaba," dada akajibu.

Yule mama akacheka kwa furaha kabisa. "Ehe! Huyu tutaelewana."

Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni kitanda kikae wapi. Ndipo ikapigwa kengele kwenye seminari ya jirani. Dada alijifunika masikio, akaanguka chini, akaanza kujing'ata mkono. Ilinyamaza, yeye hakunyamaza. Yule mama alikuja na maji, akakaa naye palepale vumbini mpaka akatulia, kisha akaniambia kwa huzuni, "Mwanangu, kengele hii inalia kutwa mara kadhaa. Nisikudanganye."

Nilimweleza mama ukweli wote. Akatikisa kichwa. "Kengele ya watu huwezi kuifunga mdomo. Basi, tuendelee."

Ikabaki nyumba moja, mjini, nyuma ya soko. Mwenye nyumba ni bibi wa ukoo wa Kiarabu anayeuza viungo. Nyumba ya wapangaji, vyumba vinatazamana, ua katikati. Kutoka pale mpaka darasa la dada ni dakika kumi. Tuliingia saa nne asubuhi. Bibi alimtazama dada muda mrefu, akamshika shavu.

"Nilikuwa na mdogo wangu hivihivi," akasema. "Chumba ni kile cha pembeni, na sebule yake. Mwambie mama yako simpi mtu mpaka nipate jibu lake."

Dada akaenda mwenyewe mpaka mlango wa kile chumba. Akavua viatu. Akavipanga pembeni ya kizingiti, akaingia.

Niseme hili vizuri. Dada havui viatu popote isipokuwa kwetu. Shuleni hata walimu walishindwa. Hospitalini, kwa bibi yetu, kwenye mazishi ya baba, hakuvua. Pale alivua, na mimi nilimwona.

Ndipo mlango wa pili ukafunguka, akatoka msichana wa darasani kwetu na ndoo mkononi. Yule anayewaiga walimu mpaka darasa zima linalia kwa kicheko.

"We! Unafanya nini kwetu?"

Kabla sijajibu dada akatoka, akamwendea mzee aliyekuwa anachambua mchele, nyanya yake yule msichana, akamwambia kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu."

Ua wote ukaangua kicheko. Hawakuwa wabaya, sasa naweza kusema. Hata nyanya mwenyewe alicheka, akamjibu "Shikamoo, mama mkubwa!" Lakini mimi nilikuwa namtazama yule wa darasani, midomo yake ilikuwa imeshaanza kujaribu ile sauti.

"Kumbe una dada?" akaniuliza.

Miaka mitatu ya sekondari sijawahi kumwambia mtu. Siyo kwamba nilikana. Hakuna aliyeuliza, nami ni mtu wa kunyamaza, ikawa hivyo.

"Vaa viatu," nikamwambia dada. Hakutaka. Nikapiga magoti nikamvisha kwa nguvu mbele ya watu wote.

Nyumbani mama alikuwa ananingoja amekaa wima kabisa kitandani.

"Enhe. Choo?"

"Kizuri."

"Majirani?"

"Wapo wengi."

"Mwenye nyumba kasemaje alipomwona?"

"Amekubali."

"Alhamdulillahi! Maji je?"

Sikupanga. Naapa sikupanga, ingawa sidhani kama inasaidia. Dada alipokuwa mdogo baba alimtoa ndani ya pipa la maji, alikotumbukia kichwa chini, na tangu siku hiyo pipa halikai wazi kwetu, wala ndoo kubwa. Mimi nilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Kuna kisima uani," nikasema. "Hakina mfuniko."

Mama aliweka mkono kifuani. "Basi. Hapo hapana."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Aliniagiza nimrudishie yule bibi jibu na shukrani. Sikwenda. Niliogopa kuingia tena kwenye ule ua.

Nilidhani zitapatikana nyumba nyingine. Hazikupatikana, na mama akampigia simu mjomba aliyeko kijijini Usoke, analima tumbaku. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia kila neno. "Dada, njooni. Chumba ninacho kimoja, mtakaa wewe na mgonjwa." Mjomba humwita dada yangu hivyo, hana nia mbaya. "Huyo wa shule mwacheni huko amalize. Huku darasa la huyu mwingine sijasikia kama lipo, lakini atazoea, watoto wapo."

Mama akasema asante, ndugu yangu. Akakata simu, akaniambia mimi nitakaa kwa baba mkubwa hadi nimalize kidato cha nne. Alisema akinitazama magoti.

Hapo ningeweza kusema. Chumba cha pembeni kilikuwa bado kinatungoja, nilikuja kujua baadaye. Nilikuwa na wiki sita. Kila asubuhi nilimpeleka dada shuleni, nikapita njia ya mbali ili nisipite nyuma ya soko, na nikajiambia, leo jioni. Jioni mama alikuwa anashona mfuko wa nguo za safari, nikamsaidia kutunga uzi.

Eda iliisha siku ya Jumapili. Mama alioga alfajiri, akavua nguo nyeupe, akavaa gauni la maua ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Wanawake wakaja, ukafukizwa ubani, pilau ikapikwa. Mke wa mjomba alikuwa ameshafika kutoka Usoke kuja kuwachukua. Dada alikuwa anaguna kwa furaha, anapenda harufu ya ubani.

Mchana akaingia yule bibi wa viungo, na kifurushi cha mdalasini kama zawadi. Sikumtarajia. Nilikuwa nimeshika sinia.

"Pole na eda, mwanangu," akamwambia mama. "Nimekuja kukupa pole, na kukulaumu kidogo. Mbona mmenitupa? Chumba nimekishika hadi wiki jana, watu wananipigia kelele, nikampa mwingine."

"Utusamehe, bibi," mama akasema. "Tuliogopa kisima."

"Kisima kipi?"

"Cha uani."

"Kwangu? Kwangu kuna bomba, mama. Tangu enzi za baba yangu hapajachimbwa kisima."

Mama akageuka akanitazama.

Ilikuwa muda mfupi sana. Kisha akamrudia yule bibi, akatabasamu. "Basi nilichanganya mimi. Eda, bibi. Mtu unakaa ndani, unasikia hili, unalipeleka kule. Nyumba zilikuwa nyingi."

"Ah, pole," bibi akasema. "Haikuwa riziki."

Mama yangu, ambaye alikataa hata kutuma ujumbe wa uongo kwamba anaumwa ili asiwaone wageni, alisema uongo mbele ya wanawake wa mtaa mzima, siku ya kutoka eda, akiwa na udhu wake. Kwa ajili yangu. Nikaenda jikoni nikakaa nyuma ya magunia ya mkaa.

Wageni walipoondoka, jua bado lipo, alinikuta nimekaa hapohapo. Hakukaa. Alisimama mlangoni akivunja kijiti cha kuni vipande vipande.

"Ulimwonea haya?"

"Kuna msichana wa darasani kwetu anakaa pale."

"Nimekuuliza, ulimwonea haya?"

"Ndiyo, mama."

Akavunja kipande kingine. "Na alipaonaje mahali penyewe? Yeye?"

Nilitaka kumdanganya tena, safari hii kwa huruma. Sikuweza.

"Alivua viatu."

Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata siku ya baba. Nilipoanza kulia akanyanyua kidole.

"Usilie. Ukilia na yeye ataanza, na leo sina nguvu ya wawili."

Nikamwomba tubaki wote, tumsubiri bibi apate chumba kingine. Akasema nyumba imeshapata mnunuzi, Jumanne wanapanda treni, na mjomba ameshaambiwa. Hakunigombeza. Mpaka leo natamani angenichapa.

Mwalimu wa historia alitufundisha kwamba misafara ya zamani ilipumzika hapa Tabora, na aliyeshindwa kuendelea na safari aliachwa hapahapa. Kwetu imekuwa kinyume. Mimi niliye mzima ndiye niliyebaki.

Asubuhi yake, Jumatatu, niliamka kabla ya wote nikachana karatasi mbili katikati ya daftari la jiografia. Nikawa namwandikia mke wa mjomba, maana kumwambia kwa mdomo nisingeweza. Niliandika yale ya barabarani, ambayo miezi minne na siku kumi nilikuwa nayaona peke yangu. Kwamba akisema "maji" njiani hana kiu, amechoka, anataka kukaa. Kwamba mbuzi haogopi lakini kamba ya mbuzi anaiogopa, kwa hiyo mpite upande mwingine. Akisimama ghafla, usimvute. Hesabu polepole hadi saba, ataondoka mwenyewe. Ukimshika mkono shika kidole kimoja tu. Treni ikipita mbali anaipenda, ikipita karibu anaikimbilia. Hilo nililipigia mstari mara mbili.

Mama alikuwa uani anamsuka dada kwa safari. Nikampa zile karatasi azisome kwanza kama nimeandika sawa. Alisoma taratibu, midomo ikitembea, kitana kimechomekwa nyweleni mwa dada. Kwenye ukurasa wa pili akarudi nyuma.

"La kidole hili," akasema, "tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa eda."

"Sikulijua."

Akazikunja karatasi, akazitia kifuani. Dada alikuwa ameanza kutikisa kichwa, hapendi kusukwa upande wa sikio. Nikakaa mbele yake, nikamtuliza kichwa kwa mikono miwili, nikamshikilia hadi mama akamaliza.