Kijana Niliyemtafutia Mchumba Doha

Wasee, leo nimeshtuka mpaka nimekaa kwenye gari na jua hili bila kuwasha AC.

Mnanijua. Miaka tisa naendesha gari Doha, nimebeba mataifa yote. Mtu akifungua mlango tu, nishamsoma.

Sasa kuna kijana wa kwetu alikuwa anasoma hapa. Jina sitaji, msinisumbue. Miaka miwili amekula ugali kwangu Al Wakrah, na kila Ijumaa kanisani namtafutia mchumba.

Leo alikuwa anahamia chuo cha nchi nyingine, mimi ndiye nampeleka airport. Nikampitia nesi mmoja wa kanisani bila kumwambia kijana, nikawakalisha nyuma pamoja.

Kwenye kioo naona wanacheka. Nikajua nimeweza.

Tulipofika airport kijana akasema polepole, "Anko, wachana na wasichana. Mimi napenda wanaume. Hapa ningeongea, ningefungwa ama nirudishwe nyumbani."

Nikamgeukia nesi nimpe pole.

"Mimi aliniambia mwaka jana," akasema. "Wewe ndiye alikuwa anakuogopa. Wewe na zile stori zako za mezani."

Zile stori ninazowachekeshea kuhusu watu kama yeye. Naye alikuwa anacheka na sisi, sahani mkononi.

Nikamkumbatia kijana, nikambebea begi.

Ameshatua, yuko salama, ndiyo maana naandika.

Sasa niambieni ukweli, hata inbox: ni nani mwingine hukula kwangu akiniogopa?